Chumvi kukaa kavu hakumaanishi mahindi yamekauka

Leo nataka tubishane kidogo kuhusu kitu ambacho wengi hapa Mutuka mnakiamini sana: chupa ya chumvi.

Jaribio lenyewe mnalijua. Unachukua chupa kavu, unatia mahindi kiasi na chumvi kavu ya jikoni, unafunga, unatikisa, unasubiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isiponata, watu wanaanza kushona magunia. Mimi nasema hapo ndipo tunapoharibu. Jaribio hilo linafaa kukukataza kuhifadhi, lakini halifai kukuruhusu.

Sababu iko kwenye chumvi yenyewe. Chumvi ya kula huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75. Chini ya hapo inakaa kavu. Kwa hiyo chupa inajibu swali moja tu: hewa iliyozunguka punje imevuka 75 au bado? Sasa mahindi ambayo hewa yake inatulia kwenye 75 yana unyevu wa kati ya asilimia 14 na 15. Sisi tunafundisha mhifadhi kwenye 13.5 kushuka chini. Chumvi imekaa kavu, na mahindi hayajafika.

Elewa hivi: kinacholisha kuvu si maji yote yaliyomo kwenye punje, ni yale maji ambayo punje haijayashikilia, yaani maji huru. Hayo ndiyo yanayoonekana kwenye hewa ukifungia nafaka kwenye chombo. Chini ya 65 karibu kuvu wote wa ghalani wanalala. Kuanzia 70 baadhi yao wanaamka. Kuvu anayeleta sumukuvu anataka zaidi, kama 80 na kuendelea, lakini gunia la 74 usilione liko salama. Wadudu na kuvu wadogo wakipumua wanaongeza maji na joto, na baridi ya usiku ya kwetu inahamishia unyevu sehemu moja ya ghala. Miezi miwili tu, kona moja imeshafika 80. Na mfuko usiopitisha hewa haukaushi mahindi. Unayatunza ulivyoyaweka.

Basi tufanyeje? Kipimo kizuri cha unyevu wa nafaka ni ghali, najua. Lakini vipo vipima unyevu wa hewa vidogo vya betri, vya bei nafuu, na kikundi kinaweza kununua kimoja. Chukua punje kutoka magunia tofauti, juu, katikati na chini. Ziache zipoe kivulini. Jaza kopo lenye mfuniko unaobana hadi zaidi ya nusu, weka kipima ndani, funga, subiri hadi namba isimame. Ikisimama kwenye 65 au chini, hifadhi. Ikiwa juu yake, rudisha kwenye turubai.

Tatizo la vipima hivi vya bei nafuu ni kwamba vingi vinadanganya kwa alama kadhaa. Na hapo ndipo chumvi inapopata kazi yake ya kweli: haipimi mahindi, inapima kipima. Weka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo kidogo hadi iwe kama mchanga mbichi. Fungia kwenye kopo pamoja na kipima, visigusane, uache usiku mzima ndani ya nyumba. Asubuhi lazima kisome 75. Kikisoma 79, kila siku toa 4. Kikisoma 71, ongeza 4. Joto liwe nyuzi 20 au 30, chumvi inabaki pale pale karibu na 75.

Lakini angalia sana maji. Lazima chumvi isiyoyeyuka ionekane. Ukimimina maji mengi, gramu 20 za chumvi kwa gramu 80 za maji, hewa yake inatulia karibu na 84. Wewe unadhani kipima kinazidisha 9, unaanza kutoa 9 kila mara. Mahindi ya 74 yanakuwa 65 kwenye daftari lako, unayafunga kwa amani kabisa. Na usijaribu kukadiria kwa hesabu rahisi ya darasani. Kwenye maji yenye chumvi kidogo inakaribia ukweli, ila kwenye chumvi iliyokolea hadi mwisho inakupa 82 badala ya 75, maana chumvi nyingi inashikilia maji kuliko hesabu inavyodhani. Acha chumvi ibaki chini, hutahitaji hesabu.

Faida nyingine: 65 ni ile ile kwa mahindi, mbaazi na alizeti. Ukifuata asilimia ya unyevu, kila zao lina namba yake. Alizeti ya 13 ni mbichi kabisa, kwa sababu ya mafuta yake.

Najua mtakachosema: "Bwana shamba, unanipunguzia kilo." Ni kweli. Kilo 100 za mahindi ya unyevu wa 15 zikishuka hadi 13 zinabaki kama 97.7. Anayeuza leo kwa dalali asiyepima anaona hasara. Lakini wewe unayesubiri bei ya Januari unaweka gunia zima rehani kwa ajili ya kilo mbili za maji. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, na kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mnunuzi wa maana atapima.

Na si soko tu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 kati ya 68 waliougua Dodoma na mkoa wetu huu wa Manyara. Wengi walikula mahindi ya nyumbani kwao. Sumu ikishaingia, kukausha hakuitoi, kupika hakuitoi.

Kwa hiyo chupa ikikataa, ikubali. Ikiruhusu, usiiamini bado. Msimu huu kila kikundi kichange kipima kimoja, kikaguliwe kwa chumvi mbichi kila mwanzo wa mavuno, na mahindi yasipoonyesha 65 yasishonwe. Mwenye kipima asiyejua kama kinasema kweli, akilete ofisini na chumvi yake, tukilaze pamoja.