MGONGO WAKO NA KADI YAKO



Kazi ya reli ni kazi ya mgongo. Anayeinua mataruma, anayeunga mabehewa, anayepakia mizigo bohari, hata karani aketiye kutwa, wote huyajua maumivu ya kiuno. Daktari husema: nenda kwa tabibu wa viungo, yaani fiziotherapia. Hapo ndipo wenzetu wengi hupotea. Mmoja hukimbilia mkandaji wa mtaani. Mwingine huingia mlango wa kwanza auonao, akatibiwa mara tatu, na mara ya nne akaambiwa kadi yake haipokelewi. Deni limebaki na mgongo haujapona.

Basi twashauri hivi. Kwanza, uliza katika hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe, maana nyingi zina chumba cha kazi hii. Ukienda kwa tabibu wa binafsi, mwombe akuonyeshe leseni ya Baraza la Matabibu wa Viungo, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mwenye leseni hachukii kuulizwa.

Pili, kabla ya kuvua shati, uliza: Je, mnapokea kadi yangu? NHIF, iliyoanza mwaka 1966, ilikwisha Oktoba 2024, na mahali pake pakashikwa na SHA, ambako twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. SHA hulipa tu pale ilipo na mapatano. Ikiwa una bima ya kampuni, wapigie simu wao wenyewe: Mnalipa mara ngapi? Mwataka barua ya daktari? Mwataka kibali kwanza? Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Ukiumia kazini, gharama si ya kadi yako. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alipie matibabu. Mwarifu msimamizi mara moja, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kupeleka habari serikalini, na dai la fidia lapasa kupelekwa kabla ya miezi 12 kupita. Ukiambiwa, "Tumia kadi yako tu, mambo yaishe," usikubali. Mwone katibu wa tawi lako siku hiyo hiyo.

Kuuliza si ujinga, ndugu. Behewa likiharibika lina spea, mgongo hauna.

Umoja ni nguvu.