Tuta Moja la Chainizi Lisiende Sokoni

Sisi wauguzi tunaopima watoto kliniki huwauliza akina mama swali lile lile kila siku: "Jana mtoto alikula nini?" Mara nyingi tunajibiwa: ugali na chai, au uji mtupu. La kusikitisha ni kwamba baadhi ya nyumba hizo zina bustani nzuri. Mboga huchumwa alfajiri, hufungwa mafungu, na zote huenda sokoni. Mtoto aliyeziona zikiota hazionji.

Hatupingi biashara. Sabuni na madaftari hutoka humo. Lakini maoni yetu ni haya: kila nyumba iwe na tuta moja ambalo si la kuuza, na tuta hilo lipandwe chainizi, mboga yenye vikonyo vyeupe ambayo asili yake ni China.

Kwa nini chainizi? Kwanza, haikawii. Pili, majani yake huupatia mwili vitamini A, inayolinda macho na kusaidia kupigana na magonjwa, vitamini C, na foliki asidi, ambayo mama mjamzito anaihitaji sana. Madini yake ya chokaa, yanayojenga mifupa, mwili huyapata kwa urahisi kuliko yale ya mchicha. Tatu, si chungu, hivyo watoto wengi huipenda. Hatusemi muache mchicha, matembele au kisamvu. Vyote ni vyema, na kubadilishabadilisha ni bora zaidi.

Nunueni mbegu katika duka la pembejeo na mtazame tarehe ya mwisho ya matumizi. Tengenezeni kitalu kidogo, mchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri. Chimbeni vifereji vya kina cha sentimeta 1, mwage mbegu kwa uhaba, mfukie, mfunike kwa nyasi kavu na kumwagilia. Kwa kawaida huota baada ya siku 4 hadi 7. Zikishaota tu, ondoeni nyasi, la sivyo miche itarefuka na kuwa dhaifu.

Baada ya wiki 3 au 4, miche ikiwa na majani 4 au 5, hamisheni jioni, mkiacha sentimeta 30 kati ya mche na mche. Tuta la meta 1 kwa 3 huchukua miche 30. Mwagilieni asubuhi na jioni, maana ikikosa maji hukimbilia kutoa maua na majani huwa magumu. Joto kali nalo huleta hivyo hivyo. Kwa hiyo walio pwani wapande zaidi miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Chumeni majani ya nje na kuacha moyo wa mche uendelee. Sieni mbegu kidogo kila baada ya wiki 3, ili mboga isikatike.

Wengine watasema hawana nafasi wala maji. Gunia la udongo au ndoo iliyotobolewa chini hutosha kuanzia, na maji mliyooshea mboga yamwagieni miche badala ya kuyatupa.

Tunaonya juu ya mambo mawili. Msitumie kinyesi cha binadamu wala samadi mbichi, kwa kuwa huleta minyoo na kuhara. Viwavi waokoteni kwa mkono. Mkilazimika kupiga dawa, someni kibandiko na msichume kabla siku zilizoandikwa hazijatimia. Dawa ya jana isiliwe leo.

Jikoni, osheni majani kabla ya kuyakata, yapikeni kwa dakika chache tu na mafuta kidogo, na supu yake msiimwage. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe majani laini ndani ya ugali au viazi, huku akiendelea kunyonya. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa kuwa anakula mboga. Anahitaji vyote viwili.

Akina baba, tuta hili si kazi ya mama peke yake. Anayeshika jembe shambani anaweza kushika ndoo ya maji nyumbani. Na mnunuzi akija mlangoni na fedha mkononi siku ambayo mfuko ni mtupu, ndipo itakapojulikana tuta hilo ni la nani. Tunawasihi mumwuzie mboga za matuta mengine. Hilo moja ni la watoto.