Mama Aliyepata Sukari ya Mimba Apimwe Tena

Wasomaji wakulima, mwezi huu naacha habari za mihogo na korosho. Pengine mtauliza, karani wa kilimo ana neno gani na mambo ya hospitali? Lakini mashamba ya Ganda na Jilore yapaliliwa na nani, kama si akina mama?

Wako wanawake wanaoambiwa wakati wa mimba kwamba damu yao ina sukari nyingi. Kondo la mtoto huzuia insulini isifanye kazi yake vizuri, na mwili wa mama hushindwa kuongeza ya kutosha. Kondo likitoka, mara nyingi sukari hushuka. Basi nyumbani husemwa, "Imekwisha," na chai hutiwa sukari kama zamani.

Haikwisha. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza hesabu ya wanawake zaidi ya milioni 5 wa nchi mbalimbali. Waliopata sukari ya mimba walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi karibu mara 2 ya wenzao. Hatari hiyo ilionekana hata katika miaka 10 ya kwanza, tena hata kwa wale ambao hawakuugua kisukari baadaye. Si kwamba kila mmoja ataugua. Lakini hana budi kuangaliwa.

Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama naye hutakiwa kupimwa sukari tena kati ya wiki 6 na 12, naye yupo palepale kwenye benchi! Shida ni kwamba kipimo chataka afike bila kula, anywe maji ya glukosi, angoje saa mbili nzima, na nyumbani palizi yamngoja. Baada ya hapo apimwe kila mwaka, au usipite mwaka wa 3, pamoja na presha. Kunyonyesha pia humsaidia. Wala msiniambie jembe latosha. Jembe halipimi presha.

Ofisini naona wanaume wanaoijua kwa moyo tarehe ya chanjo ya ng'ombe wa maziwa. Ukiwauliza mke alipimwa presha lini, hutazama dari.

Enyi waume, siku ya chanjo ile ya kwanza mwacheni mama akae hospitali mpaka amalize, na chakula cha mchana kipikwe na mwingine. Na kijitabu cha kliniki kisitupwe mtoto akiisha kukua, kwa maana habari za sukari ya mama zimo humo.