"Kulea" si Neno la Kufichia

Wenzangu katika kitabu hiki wameandika juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha. Mimi niliombwa kuandika juu ya kulea mtoto wa mwingine, na nimekubali kwa sababu moja tu: nina deni. Ni deni la neno moja, nililolitafsiri vibaya mwaka 2012 kwenye barza ya nyumba moja ya udongo, kandokando ya barabara inayotoka Mambasa kwenda Niania.

Wazungu wawili, bwana na bibi, walifika Bunia pamoja na mtoto wao wa kike, miaka minne hivi, halafu wakapita Komanda mpaka hapa kwetu. Walikuja kuchukua mtoto mchanga. Mama wa huyo mtoto alifariki siku ya kuzaa, na baba hakujitokeza. Avoka alikuwa amekwisha kutayarisha makaratasi yote, na makaratasi yalisema mtoto hana jamaa. Lakini jamaa ilikuwa pale, imekaa mbele ya macho yetu: koko, yaani mama wa marehemu, wajomba wawili, na tantine mmoja aliyekuwa ananyonyesha yule mtoto pamoja na wa kwake. Nasema haki: wale wageni wenyewe ndio waliotaka kuona fasi mtoto alizaliwa. Wengine hawaombi. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, niliitwa kutafsiri.

Watu wakubwa walikuwa na haya. Yule mtoto wa kizungu hakuwa na haya. Alikaa kwenye mkeka, akampa mchanga kidole chake akishike, halafu akala ndizi mbivu na watoto wa pale kama aliyezaliwa nao. Koko alimwangalia sana. Akasema: "Basi huyu ni dada yake. Ni muzuri. Batakomaa pamoja." Halafu akanigeukia: "Mwalimu, ubaulize. Atarudia lini kutuona?"

Niliuliza. Yule mama alilia. Alijibu kwamba atatuma picha, na kwamba mtoto akikomaa atachagua mwenyewe. Mimi nilitafsiri hivi: "Wanasema watamlea vizuri, na akikomaa atakuja." Koko akaweka kidole chake kwenye wino.

Sikusema uongo mkubwa. Nilisema uongo mdogo, ule wenye adabu, ambao watafsiri wengi wanausema. Kwenye karatasi kulikuwa na neno la Kifaransa, adopsio, na mimi nikaweka "kulea". Maneno hayo mawili hayafanani, na ninaandika hapa kwa sababu naona bado tunayachanganya, sisi watu wa masomo, ambao hatuna udhuru.

Kulea kwetu ni nini? Ukiuliza Mbila, ukiuliza Mlese, Mndaka ao Mbudu, ukiuliza hata ndugu zetu Wanande waliokuja kulima na kuuza, jibu ni karibu moja. Mtoto anaweza kukomalia kwa mjomba, kwa koko, kwa rafiki wa baba, kwa mwalimu wa mjini ili asome. Anakula kule, anachapwa kule, anaitika jina la kule. Lakini siku ya matanga anaitwa. Siku ya mahari, jamaa mbili zinakaa na zinagombana, na ugomvi huo ndio ushuhuda kwamba wote wawili wana haki juu yake. Kwenye kambi za Wambuti, mtoto anaita "ema" wanawake wote wa umri wa mama yake, siyo mmoja tu. Kule hakuna aliyeondolewa umama ili mwingine aupate. Kulea ni kuongeza watu.

Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ile ya tarehe 1 Agosti 1987, ilisikia jambo hilo. Inasema aliyepokewa ni mtoto wa aliyempokea kwa kila hali, na pia anabaki na kamba yake na jamaa alikotoka. Soma vizuri: anabaki nayo. Lakini mtoto akifika ng'ambo, mara nyingi mambo yanageuka. Wafaransa na Wabelgiji wana adopsio za namna mbili. Moja inaacha kamba ya kwanza. Nyingine, ile wanayoiita kamili, inaikata: jina jipya, wazazi wapya kwenye kitabu cha kuzaliwa, na wa kwanza mbele ya sheria ni kama hawakupata kuwa. Kwa hiyo koko anaweka kidole kwenye neno moja, na mjukuu anafika kule kwa neno lingine. Katikati yake iko nani? Iko mtafsiri.

Wengine wanasema: "Mwalimu, unatafuta matatizo. Mtoto yatima anakula, anasoma, anaishi." Ninakubali kwamba anaishi. Lakini angalieni hilo neno yatima, linavyotengenezwa kwa mashini ya kuandikia. Mwaka 2015, kwenye vijiji vya karibu na Gemena, wazazi wazima, wenye macho na miguu, walipana watoto wao wakiambiwa wanaenda Kinshasa kwa mapumziko ya likizo. Watoto hawakurudi. Walikutwa Ubelgiji, ndani ya jamaa zilizoambiwa kwamba ni yatima. Wazazi wa huku walidanganywa, na wa kule pia walidanganywa.

Na si jambo la leo. Wakati wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu walichukuliwa kwa mama zao, wakawekwa kwenye misioni na kufanywa watoto wa leta. Wanawake watano, waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo na kupelekwa misioni ya Katende kule Kasai, walishitaki leta ya Ubelgiji. Mwaka 2019 waziri wa kwanza wa Ubelgiji aliomba msamaha, na tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels ilisema kwamba lile lilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Wale mama walikuwa wazee wa miaka zaidi ya sabini. Walikuwa na mama wazima siku walipochukuliwa. Ni karatasi iliyowafanya yatima.

Sasa nisieleweke vibaya. Mimi siko upande wa wale wanaosema tufunge mlango, basi. Mlango ulikwisha kufungwa. Tarehe 25 Septemba 2013 Idara Kuu ya Uhamiaji, DGM, ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliopokewa na wageni. Mamia ya watoto, ambao tribinali zetu zenyewe zilikwisha kuwapa wazazi wapya, walibaki wamesimama katikati. Wengi walisubiri mpaka mwaka 2016. Jina jipya wanalo, baba mpya wanamwona kwenye simu, na bado wako kwenye nyumba ya kukodisha Kinshasa. Kufunga namna hiyo hakukumrudisha hata mmoja kwa koko yake.

Tena tusijisifu. Ni sisi pia tunaomchukua mtoto wa ndugu marehemu, tunamfanya boyi wa nyumba, wetu wanaenda masomo na yeye anaenda mtoni kuteka maji. Ni sisi tunaosema kwamba mtoto aliyezaliwa mama akifa ana bahati mbaya, na wengine wanafikia kumwita mchawi. Ukoo uliomtupa mtoto miaka mitano, halafu unaamka siku gari la mgeni linapoonekana na kuuliza "sisi tunapata nini?", ukoo ule sina la kuutetea.

Lakini nimeona pia kitu kingine. Kati ya Oktoba 2002 na Januari 2003, wakati wa ile operesheni waliyoiita "Kufuta Ubao", watu wa Mambasa walikimbia kwa miguu kuelekea Eringeti na Beni. Watoto walipotelea njiani. Walipokewa na watu wasiojua hata luga yao. Hakukuwa na avoka pale. Waliowapokea waliuliza: wewe mtoto wa nani, wa kijiji gani? Na vita ilipotulia, wakatuma habari. Ninajua kijana mmoja aliyekomalia Oicha. Mpaka leo ana mama wawili, na hakuna hata mmoja aliyemwomba achague.

Ndiyo maana ninasema yule mtoto wa miaka minne kwenye mkeka alifanya kazi kuliko makaratasi yote. Anayetaka mtoto wetu, muzungu ao mweusi, wa Brussels ao wa Kinshasa, asitume prokurasio na bahasha. Aje mwenyewe. Aje na watoto wake kama anao, wakae kwenye barza, wale sombe, waonekane nyuso. Ukoo ujue jina la dada na jina la mji. Na mtafsiri, kabla ya wino, aseme kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Mama, kule sheria yao inaweza kukata. Jina lako litatoka. Anaweza asirudie. Unakubali?" Kama baada ya hapo mama anakubali, ni shauri lake, na hakuna mtu wa kumlaumu. Kama anakataa, avoka arudishe makaratasi yake Bunia. Na sisi wa ukoo tutafute nani atanyonyesha.

Mimi sikusema hivyo. Picha zilikuja mara mbili, zikakoma. Kitovu cha yule mtoto kiko chini ya mgomba nyuma ya jikoni, na koko, ambaye sasa haoni vizuri, hakubali mtu akate mgomba ule. Nikipita na moto barabarani anajua sauti yake, anainua mkono ili nisimame. Swali lake ni lile lile, na anaongezea: "Na ule dada yake? Iko sasa bibi ya watu?"

Mwaka uliopita nilishuka kwenye moto, nikakaa, nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza juu ya nini sikumwambia siku ile, wakati mtoto alikuwa bado kwenye mapaja yake.