Sehemu ya 5: Lebo ipo, dawa haipo

Mama zangu, wadogo zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Mkija kliniki au wodini mtakuta bango lina maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wengi mnadhani ni habari za kufagia. Hapana. Ni njia ya kupanga kazi iliyotoka viwandani Japani, inaitwa 5S, na inaenda pamoja na Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kuacha. Hapa Tanzania iliingia hospitalini mwaka 2007, ikaanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya, Wizara ya Afya ikisaidiwa na Wajapani wa JICA. Kutoka pale ikasambazwa hospitali nyingine.

Njia yenyewe naipenda. Mtoto akizaliwa bila kulia, tuna dakika moja tu ya kuhakikisha anapumua au anasaidiwa kupumua. Kile kifaa cha kumpa hewa, tunakiita ambu, lazima kiwe palepale, kisafi, saizi ya mtoto mchanga. Dakika hiyo siyo ya kufungua droo na kuulizana nani alikitumia mwisho.

Ugomvi wangu ni tunavyoisambaza. Kilichosafiri haraka ni bango, lebo na fomu ya kujaza alama. Kilichoachwa njiani ndicho chenye nguvu. Kule Toyota mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wake anakuja palepale, na tatizo lisipoisha kazi inasimama. Sasa niambieni, nesi wa zamu ya usiku, mmoja na wodi nzima, kamba yake iko wapi? Akisema glovu zimeisha anaambiwa "andika kwenye ripoti". Ripoti inasomwa asubuhi. Mama anajifungua saa tisa usiku.

Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, ukaguzi ukikaribia tulibandika majina mpaka kwenye ndoo. Friji ya dawa ilikuwa na lebo nzuri kabisa ya oksitosini, sindano inayozuia mama kuvuja damu nyingi akishajifungua. Ndani hakuna hata kichupa kimoja. Alama tulipata, maana fomu iliuliza kama lebo ipo. Haikuuliza kama dawa ipo!

Halafu kuna hili. Kwa Kijapani, upotevu katika kazi unaitwa "muda". Sijatunga, neno lao ndilo hilo. Na kwetu muda wa mama ndio unaopotea. Foleni ya kadi, foleni ya mzani, maabara, dawa, mimba ya miezi minane na benchi halina mgongo. Nani anaupima?

Msiniambie haiwezekani kwa hospitali nyingi. Haydom, mkoani Manyara, waliona kwamba mafunzo ya siku moja ya kuokoa watoto wachanga yanawafanya wakunga wafanye vizuri kwenye mdoli, lakini wodini mambo hayabadiliki. Wakaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara, humo humo wodini, na vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua. Baadaye mfumo wa aina hiyo ukapelekwa vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga wanajifua kazini, wanaangalia takwimu za wodi yao, wanarekebisha wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto vimepungua. Huko hakikusambazwa kibandiko. Ilisambazwa tabia ya kazi.

Kwa hiyo wakubwa zangu, mkija kukagua, fungueni friji. Zahanati yenye wahudumu wawili msiipelekee fomu ya hospitali ya rufaa, watashinda wanaandika badala ya kupima presha. Na mkunga akisema kitu kimeisha, aliyepokea simu ajibu kwenye zamu hiyo hiyo.

Nanyi mama zangu, sanduku la maoni siyo la kusifia na kulaumu tu. Wiki hii mkienda kliniki, andikeni vitu viwili kwenye karatasi mkatumbukize: saa mliyofika, na saa mliyoondoka.