Mshale Usemao Uongo

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho wenye magari makuukuu wamekizoea hata hawakioni tena, yaani ule mshale ulioko mbele ya dereva, uonyeshao kiasi cha mafuta. Abiria akiuliza mbona umelala, dereva hucheka na kujibu, "Usiujali, baba, huo ulikufa zamani. Gari hili nalijua."

Siku moja tulitoka Kabambare kwenda Kasongo katika gari la namna hiyo. Pamoja nasi alikuwapo mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali. Tulipoondoka mshale ulikuwa kwenye nusu. Tulipokwisha kupita matope na vilima ulikuwa bado kwenye nusu. Na injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza, mbali na kijiji chochote, mshale ulikuwa palepale. Tangi lilikuwa kavu. Kwa bahati alipita kijana mwenye pikipiki, akakubali kumchukua mama na mtoto, nao wakafika salama. Lakini kijana yule hakutumwa na mtu. Angaliweza kupita saa tatu baadaye, au asipite kabisa. Sisi tuliobaki tulikaa kando ya njia tukingoja bidoni la petroli, na hapo ndipo dereva alipokiri kwamba miezi mitatu alikuwa akijua kuwa mshale wake haushuki.

Katika karne ya 19, misafara ilipopita katika nchi hii, chakula cha safari kilikuwa kichwani mwa mpagazi, na kila mtu alikiona kikipungua. Chakula cha gari kimefichwa tangini. Hatuna jicho la kukiona ila mshale ule. Na mshale uliokufa ukiwa juu ni mbaya kuliko kutokuwa na mshale, kwa maana asiye na kipimo huogopa na kujihadhari, bali aliyedanganywa husafiri kwa amani.

Basi tutazame jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Ndani ya tangi mna boya jepesi lielealo juu ya mafuta, kama mtumbwi juu ya Lualaba. Boya limefungwa kwenye mkono wa chuma, na mafuta yakipungua vyote viwili hushuka. Mwisho wa mkono una ulimi mdogo utelezao juu ya waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri hupita katika kipimo cha mbele, hushuka kwa waya hadi tangini, hupita katika sehemu ya waya ule mwembamba, kisha hurudi kwa njia ya bodi ya gari, njia ambayo mafundi wetu huiita masi. Waya wa kupita ukiwa mrefu umeme huzuiwa zaidi, ukiwa mfupi huzuiwa kidogo, nao mshale hufuata. Kule kuzuiwa huitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu.

Kabla ya kununua chochote, tafuta ugonjwa uko wapi. Tangi likiwa limefungwa vizuri, wala hapana mafuta yaliyomwagika, chomoa waya kwenye kifaa cha tangini. Mwenzako afungue ufunguo bila kuwasha injini, akautazame mshale. Nawe gusa ncha ya waya kwenye chuma safi cha bodi kwa kitambo kidogo tu, mbali na tundu la mafuta, kwa sababu cheche yaweza kuruka. Katika magari mengi ya zamani waya ukiachwa wazi mshale hulala, na ukigusa chuma hupanda hadi juu. Katika mengine ni kinyume chake. Ukienda toka mwisho hadi mwisho, kipimo cha mbele na waya wake ni vizima, na kosa liko tangini au kwenye masi ya tangi. Usipotikisika, angalia fyuzi, waya na kipimo chenyewe.

Mara nyingi kosa ni kutu tu mahali pa masi. Kwangua kutu ile, funga waya mmoja kutoka kifuniko cha kifaa hadi kwenye chuma safi cha gari, na pengine kazi imekwisha kwa gharama ya waya mfupi.

Ikilazimu kufungua, twawasihi msifanye haraka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama nyoka na kuufuata moto ulio mbali. Kazi hii ni ya nje, mchana, mbali na mbabula, kandili na sigara, na watoto wasiwe karibu. Ondoa kwanza waya wa betri. Punguza mafuta tangini, wala usiyavute kwa mdomo kwa mpira, kwa maana petroli ikiingia mapafuni yaweza kuua. Futa matope yote juu ya tangi kabla ya kulegeza skrubu, yasije yakaanguka ndani. Katika Land Rover nyingi za zamani tangi liko chini ya kiti, na kifaa hufikiwa kwa urahisi. Katika magari mengine hapana budi kushusha tangi zima, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kifaa kikitoka, kipime kwa macho na kwa masikio. Je, mkono umekwama kwa kutu na takataka, kama ule wa safari yetu? Usafishe mpaka ushuke wenyewe kwa uzito wake. Je, boya ni la shaba? Litikise karibu na sikio. Likilia chubwi-chubwi limetoboka na kujaa mafuta, nalo huzama hata tangi likiwa limejaa. Fundi aweza kulilehemu, lakini lazima kwanza petroli yote itoke na mvuke wake uishe, la sivyo boya litapasuka mkononi mwake. Waya mwembamba ukiwa umelika au umekatika, afadhali kununua kifaa kipya.

Hapa pana mtego. Vifaa hivi hufanana kwa sura lakini havina hesabu moja. Vingi vya Ulaya huonyesha omu 10 tangi likiwa tupu na omu 180 likijaa. Vingi vya Marekani hufanya kinyume: omu 240 tangi likiwa tupu, omu 33 likijaa. Mtu akitia cha huku mahali pa cha kule, mshale utapanda kadiri mafuta yanavyokwisha, na huo ni uongo mkubwa kuliko wa kwanza. Tena urefu wa mkono lazima ulingane na kina cha tangi. Basi nendeni dukani na kifaa cha zamani mkononi, mkapime omu za kipya kabla ya kulipa. Wala msikate gasketi kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, kama wafanyavyo wengine: petroli huulainisha na kuuvimbisha, kisha mafuta huvuja. Gasketi iwe ya kitu kisichodhurika na petroli.

Mwisho, jaribuni kazi yenu. Tangi likiwa tupu, mimineni lita 5, halafu 5 nyingine, mkiandika mshale unafika wapi kila mara. Ikiwa mdomo wa tangi umenyoka, wekeni alama zilezile kwenye kijiti safi na kikavu. Msicheke kijiti. Volkswagen zile ndogo za mgongo wa mviringo hazikuwa na mshale wa mafuta mpaka mwaka 1961. Dereva alipima kwa kijiti, na injini ikianza kukohoa aligeuza kilango cha akiba, akapata lita chache za kumfikisha nyumbani. Hakuwa na mshale, lakini hakudanganywa.

Ndugu wenye magari, njia ya mwongo ni fupi, nayo iliishia porini siku ile tulipokuwa na mtoto mgonjwa. Mwenye chombo kibovu aseme kwamba ni kibovu, na kabla ya safari apime kwa kijiti na kuchukua akiba. Nanyi akina mama mnaopanda na watoto, msione haya kumwuliza dereva, "Mwanangu, mshale huu husema kweli?" Akijibu kwamba gari lake analijua, mwambieni basi atoe kijiti.