HESHIMA HAINING'INIZWI SHINGONI

Katika sherehe nyingi, iwe arusi au mahafali ya shule, hakosekani mtu aliyetundika shingoni kamera ya thamani kubwa. Huigeuzageuza mkononi, huhakikisha kwamba jina la kiwanda linaonekana, na mara nyingi sherehe hukwisha bila yeye kupiga picha hata moja ya maana. Picha za ukumbusho hupigwa na kijana wa kukodishwa, mwenye kamera iliyochubuka. Watumishi wa umma na walimu hawana budi kujiuliza: chombo cha kazi kimegeukaje kuwa kilemba cha heshima?

Historia ya kamera yenyewe inawasuta wenye majivuno. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alisumbuliwa na pumu. Kamera za zama zake zilikuwa nzito, naye akataka ndogo ya kubebeka. Mwaka 1914 alikwisha unda ya majaribio, na mwaka 1925 Leica ikaanza kuuzwa. Shabaha ilikuwa kumpunguzia mtu mzigo, si kumwongezea pambo. Hata hivyo, mwaka 2022 Leica moja iliyokuwa ya Barnack mwenyewe ilipigwa mnada kwa Euro milioni 14.4. Fedha hizo hazikulipwa ili picha zipigwe.

Mwaka huo huo ilitolewa Leica M11 kwa bei ya karibu dola 9,000 za Marekani, bila lenzi. Hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 20 za Tanzania. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambacho mwezi Julai 2022 kilipandishwa hadi shilingi 370,000, angelazimika kuweka mshahara wake wote kwa zaidi ya miaka minne, asile wala asivae.

Si haki kuwalaumu wote wenye kamera za bei. Mpiga picha wa gazeti anahitaji chombo imara, kama vile seremala anavyohitaji msumeno mkali. Lakini hao ndio wasiojionyesha. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alitumia Leica, nazo sehemu zake zenye kung'aa alizifunika kwa utepe mweusi ili watu wasimtambue awapo kazini. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera hafifu ya Box Brownie. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia na kuleta misaada. Dunia haikuuliza kamera yake ilinunuliwa kwa bei gani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hatari haimo katika kamera, imo katika kipimo cha utu. Mkuu wa ofisi anapoheshimiwa kwa alichovaa shingoni, karani wake kijana hujiona si mtu mpaka naye apate. Hukopa. Makato yakishamaliza mshahara, karo ya watoto husimama, na mwananchi anayefuata huduma dirishani huanza kuonekana kama njia ya kulipa deni. Rushwa nyingi haikuanza kwa njaa. Ilianza kwa kutaka kufanana na wengine.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini hakuna kikao kilichopata kufuta fundisho lililokuwa ndani yake, kwamba mtu hupimwa kwa kazi yake na manufaa yake kwa wenzake.

Fundisho hilo sasa limo mikononi mwa walimu kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto hafundishwi kwa ubao peke yake. Hutazama pia nani anakaribishwa kiti cha mbele siku ya mahafali. Akiona mwenye kamera ya bei anatangulizwa, na aliyejitolea kujenga darasa ameachwa nyuma, atakuwa amekwisha pata somo ambalo hakuna mtihani utakaolifuta. Basi na viti vya mbele wapewe waliofanya kazi, na mwenye kamera aombwe jambo moja tu: apige picha.